Nakuona lakini siingii: kutafuta hitilafu za kushea printa na mafaili kati ya Windows, Mac na Linux

Kompyuta tatu ziko kwenye ruta moja. Ya Windows inaiona ile ya Linux lakini ikibofya haiingii. Ya Mac inaingia vizuri, ila ikijaribu kuhifadhi faili inaambiwa haina ruhusa. Printa iliyochapa jana bila taabu leo imeandikwa haipo mtandaoni, na huku taa yake inawaka kijani. Hapo ndipo watu wengi huanza kubofya kila kitu: wanazima ukuta wa moto (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao), wanabadilisha jina la kompyuta, wanasakinisha draiva upya. Saa moja baadaye wana matatizo manne badala ya matatu, na hawakumbuki waligusa nini.

Kosa lenyewe huwa moja: tunadhani kuonekana na kufikika ni kitu kimoja. Orodha ya kompyuta unayoiona kwenye kidirisha cha mtandao hutengenezwa na huduma moja, na kufungua folda hufanywa na huduma nyingine kabisa. Kompyuta inaweza kukosekana kwenye orodha na folda zake zikafunguka vizuri, na inaweza kuonekana kwenye orodha huku imefunga milango yote. Kwa hiyo orodha hiyo usiifanye shahidi. Mimi siiangalii mpaka mwisho.

Iite kwa namba kwanza

Kaa kwenye kompyuta inayotoa folda au printa. Nitaiita mtoaji, na ile inayotaka kuingia nitaiita mwombaji. Tafuta anwani ya IP ya mtoaji: kwenye Windows andika `ipconfig` katika dirisha la amri, kwenye Linux `ip addr`, na kwenye Mac itazame kwenye mipangilio ya mtandao. Tuseme ni 192.168.1.20.

Rudi kwa mwombaji. Kama ni Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike `\\192.168.1.20`. Kama ni Mac, ukiwa kwenye Finder bonyeza Command na K, uandike `smb://192.168.1.20`. Kwenye Linux anwani hiyo hiyo ya `smb://` huandikwa juu kwenye programu ya kufungulia mafaili.

Litatokea moja kati ya mambo matatu. Huenda ikafunguka, maana yake tatizo lako lilikuwa la jina tu. Huenda ikakaa kimya kisha ikatoa kosa, kwa mfano 0x80070035 la Windows linalosema njia ya mtandao haikupatikana. Hapo tatizo liko kwenye njia. Au itakuomba jina na nenosiri kisha iyakatae, na hapo njia ni nzima, tatizo ni utambulisho. Chagua sehemu yako hapa chini, nyingine ziache.

Kwa namba inafunguka, kwa jina haifunguki

Kila mfumo una namna yake ya kupiga mbiu kwamba upo. Windows ya zamani ilitumia NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina ya kompyuta, na SMB1, yaani toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushea mafaili na printa. Windows ya sasa inatumia WS-Discovery, kupitia poti ya UDP 3702 (poti ni mlango wenye namba ambao huduma husikilizia). Mac inatumia Bonjour, ambayo ni mDNS kwenye poti ya UDP 5353, na Linux nyingi hufanya hivyo hivyo kupitia Avahi. Samba, programu inayoifanya Linux izungumze SMB, yenyewe haijui WS-Discovery. Ndiyo maana folda ya Linux haijitokezi kwenye orodha ya Windows hata kama kila kitu kiko sawa. Dawa ni kusakinisha programu ndogo iitwayo `wsdd` kwenye hiyo Linux, basi.

Kama mtoaji ni Windows na haonekani, angalia mambo mawili: mtandao umewekwa kuwa wa binafsi na si wa umma, na huduma ya `FDResPub` inaendeshwa. Huduma hiyo ndiyo inayomtangaza, na mara nyingi hukutwa imelala.

Kuna ushauri mmoja utakaokutana nao kila mahali: "washa SMB1, zitaonekana zote." Ni kweli zinaweza kuonekana. Lakini SMB1 ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017 kusambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote. Microsoft ilianza kuiondoa kwenye Windows 10 mwaka huo huo, na Samba ikaizima tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Usimfungulie mlango mgeni wa namna hiyo kwa ajili ya orodha tu. Tengeneza njia ya mkato yenye namba, na umpe mtoaji anwani isiyobadilika kwenye ruta, ukaendelee na kazi zako.

Na ukiipa kompyuta jina refu, kumbuka NetBIOS husoma herufi 15 tu za mwanzo. Kompyuta mbili zenye majina yanayotofautiana kuanzia herufi ya 16 kwake ni kompyuta moja.

Haifunguki hata kwa namba

Linganisha anwani za pande zote mbili. Mtoaji akiwa na 192.168.1.20 na mwombaji 192.168.0.15, kwa mipangilio ya kawaida ya nyumbani au ofisi ndogo hao wako mitandao tofauti. Mara nyingi sababu ni ruta ya pili iliyochomekwa kuongeza Wi-Fi, nayo ikaanza kugawa anwani zake. Iweke ruta hiyo katika hali ya kupitisha mtandao tu, bila kugawa anwani. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na yeyote, ikajitungia yake. Angalia waya au ruta kwanza.

Anwani zikifanana na bado kimya, uliza maswali haya: Je, mmoja yuko kwenye Wi-Fi ya wageni? Wi-Fi ya wageni kwa kawaida humpa mtu intaneti na kumzuia asione kompyuta nyingine, na ruta nyingine hufanya hivyo hata kwenye Wi-Fi ya kawaida. Je, kuna VPN imewashwa? Nyingi huziba mtandao wa ndani. Je, mtoaji amelala? Kompyuta iliyolala haishei kitu, na hili huwapata hata wenye uzoefu.

Watu hukimbilia `ping`, amri inayouliza kompyuta nyingine kama ipo. Ikijibu, vizuri, njia ipo. Isipojibu haithibitishi kitu, kwa sababu Windows ikiwa kwenye mtandao wa umma hunyamaza kwa makusudi. Pima poti yenyewe ya SMB, ambayo ni 445. Kwenye Windows, ndani ya PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`

Kwenye Mac au Linux:

`nc -vz 192.168.1.20 445`

Jibu lisome kwa makini. Ukikataliwa papo hapo, kompyuta ipo lakini hakuna huduma inayosikiliza: Samba haijawashwa, au kwenye Mac kushea mafaili kumezimwa. Ukisubiri mpaka muda ukaisha, kuna anayemeza ujumbe njiani, na mara nyingi ni ukuta wa moto. Kwenye Ubuntu wenye `ufw`, amri ni `sudo ufw allow samba`. Kwenye Windows, rudisha mtandao kuwa wa binafsi kisha uruhusu kushea mafaili na printa. Usiuzime ukuta wote. Ukitaka kuuzima kwa dakika moja kupima, zima, pima, washa palepale. Na usisahau programu ya kukinga virusi iliyosakinishwa kando, maana baadhi huja na ukuta wao wenyewe, nao hausikilizi mipangilio ya Windows.

Inaomba nenosiri, unaandika sahihi, inakataa

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu mtu ana hakika na nenosiri lake. Mara nyingi ni kweli nenosiri ni sahihi, ila ni la kitu kingine.

Kinachotakiwa ni jina na nenosiri la akaunti iliyopo kwenye kompyuta ya mtoaji, si la kompyuta uliyoikalia. Kisha zile namba nne au sita za PIN unazofungulia Windows kila asubuhi ni za kompyuta hiyo tu, hazivuki mtandao. Niliwahi kukaa jioni nzima nikibishana na folda moja, na mwenye kompyuta amesimama pembeni akiapa kwamba "nenosiri ni hilo hilo." Lilikuwa PIN. Kama akaunti ni ya Microsoft, jina ni barua pepe kamili na nenosiri ni la barua pepe hiyo. Hata hivyo inaweza kukataa ikiwa mwenyewe hajawahi kuingia kwenye kompyuta ile kwa nenosiri, bali kwa PIN au alama ya kidole tu. Mimi nimeacha kuhangaika na hilo. Naunda akaunti ya ndani kwa mtoaji, mahususi kwa kushea, yenye jina fupi na nenosiri, naipa ruhusa kwenye folda zinazohusika, na wote wanaitumia hiyo.

Akaunti isiyo na nenosiri kabisa haikubaliki: Windows huiruhusu iingie kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta tu. Ipe nenosiri.

Linux nayo ina mtego wake. Samba inatunza manenosiri yake kando na yale ya mfumo. Unaweza kuwa na akaunti unayoingilia kila siku na Samba ikawa haijawahi kukusikia. Mtambulishe mtumiaji, ambaye lazima awe tayari ana akaunti kwenye mfumo:

`sudo smbpasswd -a jina`

Kisha jaribu ukiwa palepale kwenye Linux: `smbclient -L //localhost -U jina`. Ikikataa hapo, usiende kuilaumu Windows.

Mac ina kisanduku kinachosahaulika. Kwenye mipangilio ya kushea mafaili, ndani ya sehemu ya ziada, kuna orodha ya akaunti zinazoruhusiwa kutumiwa na kompyuta za Windows. Bila kuweka alama mbele ya jina na kuandika nenosiri, Mac nyingine zitaingia na Windows itabaki mlangoni.

Windows ikisema huwezi kuunganishwa mara mbili kwa majina mawili tofauti (kosa namba 1219), inakumbuka jaribio lako la awali. Funga madirisha ya folda hiyo, andika `net use * /delete` katika dirisha la amri, ujue kwamba hilo huondoa pia diski zote za mtandao ulizounganisha. Fungua vilevile hifadhi ya manenosiri ya Windows ufute lile la zamani. Kwenye Mac lililokosewa hukaa kwenye Keychain, hifadhi ya manenosiri ya Mac.

Kuna wale waliokuwa wakiingia bila nenosiri lolote, kama wageni, na siku moja baada ya sasisho mlango ukafungwa. Hilo si hitilafu. Windows 11 toleo la 24H2 la Pro linakataa kuingia kama mgeni na linadai kila ujumbe wa SMB utiwe saini. Mgeni asiye na nenosiri hana cha kutia saini. Vifaa vya zamani vya kuhifadhia mafaili ndivyo vinavyoumia zaidi. Sasisha programu ya kifaa, kipe akaunti yenye nenosiri, na mara nyingi kinarudi. Kuna njia ya kuilazimisha Windows ikubali wageni tena, lakini ukifanya hivyo, kompyuta yeyote kwenye mtandao inaweza kujifanya ndiyo seva yako.

Unaingia, unasoma, lakini huandiki

Folda ina ruhusa za tabaka mbili: za kushea na za diski yenyewe. Kwenye Windows, tabaka lenye ukali zaidi ndilo linaloshinda. Umempa mtu haki zote kwenye kushea, lakini diski inasema asome tu. Basi atasoma tu. Rekebisha zote mbili.

Kwenye Linux, kuandika `writable = yes` kwenye `smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba, hakutoshi kama folda ni mali ya mtu mwingine. Na si folda ya mwisho pekee: mtumiaji lazima awe na ruhusa ya kupita kila folda iliyo njiani. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huziweka folda za nyumbani za watumiaji wapya zisipitike na wengine, kwa hiyo folda ya kushea uliyoiweka ndani ya nyumba yako itakataa kwa mwenzako hata ufanyeje mipangilio ya Samba. Ihamishie nje, kwa mfano `/srv/pamoja`, uiweke chini ya kundi moja ambalo wote wamo. Kila ukibadilisha `smb.conf`, endesha `testparm`. Inaonyesha kosa la herufi moja ambalo jicho linaliruka. Fedora na jamaa zake wana SELinux, ulinzi wa ziada wa mfumo, ambao unaweza kuzuia hata ruhusa zikiwa sahihi mpaka folda ipewe lebo ya `samba_share_t`.

Kama baadhi ya mafaili yanakataa na mengine yanakubali, tazama majina yao. Mac na Linux hukubali alama ambazo Windows haiziwezi: nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, nukuu. Pia jina lisiishie kwa nukta wala nafasi, na lisiwe `CON`, `AUX` au `NUL`. Linux inaona `Ripoti.docx` na `ripoti.docx` kuwa mafaili mawili, Windows inaona moja. Na kama faili linalokataa ni kubwa kuliko GB 4 na mtoaji ni diski ya USB iliyochomekwa kwenye ruta, diski hiyo huenda ina FAT32, mpangilio wa diski ambao haubebi faili la zaidi ya hapo.

Printa

Kabla ya kushea printa kupitia kompyuta, jiulize kama inahitajika. Printa yenye Wi-Fi au waya wake wa mtandao haihitaji kompyuta ya katikati. Kila mtu aiongeze moja kwa moja. Kushea kuna maana kwa printa ya USB.

*Imeandikwa haipo mtandaoni, na iko.* Printa nyingi za mtandao hupewa anwani mpya na ruta baada ya kuzimwa, na kompyuta inaendelea kubisha kwenye anwani ya zamani. Iwekee anwani ya kudumu kwenye ruta. Kwenye Windows, angalia poti ya printa: ikiwa ni ya WSD (inayotegemea WS-Discovery), ifute uongeze ya kawaida ya TCP/IP yenye namba. Ikiwa bado inasema haipo, ondoa alama ya SNMP kwenye mipangilio ya poti hiyo. Windows huuliza hali ya printa kwa SNMP, na isipojibiwa huhitimisha kwamba printa imezimwa.

*Kosa 0x0000011b ukiiunganisha printa ya Windows nyingine.* Lilianza na masasisho ya Septemba 2021, yaliyoanza kudai mawasiliano ya uchapishaji yafichwe kikamilifu. Kompyuta moja imesasishwa, nyingine haijasasishwa, hazielewani. Sasisha zote mbili. Dawa iliyoenea ya kubadilisha `RpcAuthnLevelPrivacyEnabled` kuwa sifuri inafanya kazi kwa sababu inaondoa ulinzi huo. Tangu 2021 pia, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kusakinisha draiva kutoka kwa mtoaji. Lazima msimamizi afanye hivyo mara moja.

*Mac inaituma kazi, kazi inasimama ikisubiri uthibitisho.* Inataka jina na nenosiri la Windows inayoshea printa. Bofya alama ya kuendelea kwenye foleni, uyaandike. Ikiwa haiulizi, kuna nenosiri bovu kwenye Keychain.

*Inatoa kurasa nyingi zenye herufi za ajabu.* Izuie isivute karatasi zaidi kwanza, yaani toa trei, kisha soma mstari wa juu. Ukiona `%!PS`, kompyuta imetuma PostScript, lugha ya kuelezea kurasa, kwa printa isiyoijua. Ukiona `@PJL`, nayo ni lugha ya amri ambayo printa hii haikuielewa. Draiva si yake. Printa nyingi za bei nafuu hazijui lugha yoyote kati ya hizo. Zinategemea draiva ya mtengenezaji izichoree kila nukta, na mara nyingi draiva hiyo ni ya Windows tu. Ikiwa una Linux yenye draiva inayofanya kazi, ifanye hiyo iwe mtoaji. CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, itapokea kazi kutoka kwa kila mfumo na kuigeuza yenyewe. Washa kwa `cupsctl --share-printers`, hakikisha printa yenyewe pia imeruhusiwa kushewa, na kwenye Windows ongeza `http://192.168.1.20:631/printers/jina` ukitumia draiva ya jumla ya PostScript. Poti ya 631 lazima iwe wazi.

*Hakuna kosa, hakuna karatasi.* Kwenye Linux endesha `lpstat -t`. Ikiwa printa imesitishwa baada ya hitilafu ya zamani, `cupsenable` ikifuatwa na jina lake huiamsha. Kwenye Windows kazi iliyokwama huzuia zote zilizo nyuma yake: simamisha kwa `net stop spooler`, futa kilichomo kwenye `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`, washa kwa `net start spooler`.

*Printa inawaka taa na kuomba karatasi wakati trei imejaa A4.* Kompyuta imetuma ukurasa wa Letter, kipimo cha Marekani. Badilisha kwenye mipangilio ya printa ya kila mwombaji, kwa sababu ya mtoaji haiwasaidii wengine.

Inafanya kazi, lakini polepole

Nakili faili moja kubwa uangalie kasi. Ikiwa imeganda karibu MB 11 au 12 kwa sekunde, kiungo chako ni cha megabiti 100. Mara nyingi ni waya wenye nyuzi moja iliyokatika, kwa sababu gigabiti inahitaji nyuzi zote nane na megabiti 100 inatosheka na nne. Badilisha waya upime tena; kwa gigabiti unapaswa kukaribia MB 110. Faili kubwa likiwa na kasi nzuri na folda ya picha elfu moja ikajikokota, hiyo ni kawaida ya SMB, kila faili lina salamu zake. Zifunge kwenye zip moja ndipo uzihamishe.